Kubadilisha kioo cha mbele cha pikipiki ya safari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukisimama Chalinze kunywa chai na pikipiki yenye kioo kirefu, hutamaliza kikombe kabla mtu hajakuuliza umekinunua wapi na kwa bei gani. Hayo ndiyo maswali mepesi. Magumu huja baadaye, kwa kawaida usiku, kutoka kwa mtu ambaye ameshalipa na sasa kichwa kinamuuma. Hapa nimekusanya yale yanayojirudia zaidi. Mimi naendesha Suzuki V-Strom 650, nina urefu wa sentimita 174, na kioo nimeshabadilisha mara tatu. Viwili vya kwanza vilikuwa makosa, na yote mawili nilijitakia.

Jambo moja kabla hatujaanza: tunakiita kioo kwa mazoea tu. Ni plastiki, na karibu kila kioo kinachoharibika kabla ya wakati wake kimeharibiwa na mtu aliyesahau hilo.

Kioo kilichokuja na pikipiki kina ubaya gani?

Pengine hakina. Kiwanda hutengeneza kioo kimoja kwa watu wa kila urefu na kila nchi, hivyo kinawafaa wachache sawasawa na wengine wanavumilia. Kabla hujatoa pesa, hakikisha umejaribu nafasi zote za hicho ulicho nacho. Nimewahi kukutana na mwenye V-Strom kama yangu aliyekaa nayo miaka miwili bila kujua kwamba kioo chake kina nafasi tatu, kwa sababu kukihamisha lazima ufungue skrubu. Kwenye Kawasaki Versys 650 za kuanzia 2015 unalegeza vifundo viwili kwa mkono. BMW R 1200 GS ina kifundo cha kuzungusha. K 1600 GT na Honda Gold Wing za kuanzia 2018 zinapandisha na kushusha kwa kitufe, wenyewe hawana shida, shida yao ni bei ya spea.

Kila nafasi ipe kilomita 30 za mwendo wako halisi wa safari. Kuzunguka mtaani hakukuambii kitu.

Mbona kioo kipo na bado upepo unanitwanga kichwani?

Hili ndilo mama wa maswali mengine yote. Kioo hakizuii upepo, kinaupeleka pengine. Hewa inapanda juu ya kioo, ikifika ukingoni inaachia, na nyuma ya kioo, pale ulipokaa wewe, pamebaki pengo lenye mgandamizo mdogo. Hewa ya juu inakimbilia kulijaza pengo hilo, inajikunja, inageuka visulisuli vidogo vinavyokatika kimoja baada ya kingine. Mstari huo wa visulisuli ukipita kifuani, hujali. Ukipita juu ya kichwa, raha mustarehe. Ukipita kwenye helmeti ndipo unapotikiswa kama embe ndani ya kapu, macho hayatulii kwenye vibao vya barabarani, na masikio yanavuma hata ukishashuka.

Ndiyo maana kioo kikubwa zaidi kinaweza kukuzidishia mateso. Kioo changu cha kwanza cha kununua kilikuwa kirefu kuliko cha kiwandani kwa sentimita 10. Cha kiwandani kilikuwa kinaachia upepo mabegani. Hiki kipya kikaupandisha hadi usawa wa masikio. Nilitoka Dar es Salaam nikijiona mfalme, nikafika Morogoro na kipandauso.

Kumbuka pia kwamba nguvu ya upepo haipandi sambamba na mwendo. Inapanda kwa mraba wake. Ukitoka 80 kwenda 110 kwa saa, mwendo umeongezeka kwa theluthi moja na ushee, lakini upepo unakusukuma karibu mara mbili ya mwanzo. Kwa hiyo kioo kilichokupendeza kwenye foleni ya Ubungo, au ya Barabara ya Thika, bado hujakijaribu.

Dawa ambayo wengi hawaifikirii ni kuipa hewa njia ya chini. Kioo kikiachiwa nafasi kati yake na bodi ya pikipiki, hewa kidogo inapita hapo, inajaza lile pengo la nyuma, na ile ya juu haina tena sababu ya kujikunja kwa hasira. Kuna kampuni ya Marekani, Madstad, iliyojipatia jina miongoni mwa wenye V-Strom kwa vishikio vinavyofanya hivyo tu: vinakiinua kioo na kukuwezesha kukilaza au kukisimamisha upendavyo. Unaweza kuonja wazo hilo bila gharama. Weka washa nene za mpira kwenye skrubu, kati ya kioo na bodi, kioo kikae mbele kidogo kuliko kawaida, kisha nenda ukasikilize tofauti.

Nitajuaje kama nahitaji kirefu zaidi au kifupi zaidi?

Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari mengi, nenda kwa mwendo wako wa safari, kisha inuka taratibu kwenye vikanyagio, sentimita tano, kumi. Baadaye jikunje, kichwa kishuke chini ya ukingo wa kioo. Kama ulipoinuka kelele na mtikisiko vilipungua, maana yake hewa safi ipo juu kidogo ya helmeti yako, na unahitaji kioo kifupi zaidi ili hiyo hewa ishuke ikukute. Kama ulipojikunja ndipo pakatulia, unahitaji kirefu, au hicho hicho kilichosimama zaidi.

Wengi hawategemei jibu la kwanza. Wanakuja wakitaka kirefu, wanaondoka wakitafuta msumeno.

Kuna jaribio la pili la bei ya chai. Kata kipande cha plastiki laini cha ndoo au jaba, kifunge ukingoni mwa kioo kwa selotepu imara, uende nacho kwa mwendo wa wastani mahali salama. Kinatisha kwa sura, lakini kinakuonyesha sentimita sita za ziada zitakufanyia nini kabla hujaagiza kitu Ulaya. Kifunge vizuri. Kikikuchomokea usoni, usinitaje.

Kuna kipimo cha urefu nikifuate?

Kipo kimoja, na nakishikilia kama imani: angalia juu ya kioo, usiangalie kupitia kioo. Pikipiki haina waipa. Mvua ya masika ikikukamata kati ya Segera na Korogwe usiku, na lori linakuja limewasha taa kamili, kioo kilichojaa matone kinakuwa pazia la mwanga. Kioo cha helmeti unakifuta kwa glavu, ukizidiwa unakifunua. Hicho kingine huna la kukifanya.

Upimaji wenyewe hivi. Simamisha pikipiki wima kwenye sakafu bapa, mtu mwingine aishike. Vaa buti na suruali za safari, kaa unavyokaa baada ya saa tatu njiani, yaani mgongo umeshalegea, si unavyokaa ukipigwa picha. Tazama barabarani mita 15 hivi mbele ya gurudumu. Msaidizi wako aweke rula pale mstari wa macho yako unapopita juu ya kioo. Ukingo wa kioo kipya ukae chini ya mstari huo kwa sentimita 3 hadi 5. Wengi hujikuta ukingo uko usawa wa pua au kidevu. Pima kutoka tundu la skrubu la juu hadi hapo, kwa sababu wauzaji wengi wanaandika urefu wa kioo kizima na wewe unachotaka kujua ni kitapanda kiasi gani juu ya cha zamani.

Godoro la kiti likibadilishwa, vipimo vyote vimekufa. Pima upya.

Polikaboneti au akriliki?

Polikaboneti ndiyo plastiki ya ngao za askari wa kutuliza ghasia. Jiwe linalorushwa na tairi la fuso likiigonga, kwa kawaida inabonyea au inachubuka, haivunjiki vipande. Udhaifu wake ni ngozi: inakwaruzika upesi, na jua likiipiga bila kinga inageuka njano. Kwa hiyo polikaboneti nzuri ni ile iliyopakwa tabaka gumu juu. National Cycle ya Marekani, kwa mfano, wana tabaka lao wanaloliita Quantum, na bei yao inaeleza kwa nini.

Akriliki ni ngumu zaidi kwa mikwaruzo, inang'aa, inavumilia jua vizuri, na ikichubuka kidogo inang'arishika. Lakini ikigongwa kweli, inapasuka. Puig ya Hispania wanaitumia sana, na kwa lami ya kawaida sina ugomvi nayo.

Kwa barabara zetu mimi nachagua polikaboneti yenye tabaka. Mtu anayetoka Nairobi kwenda Mombasa anafuata nyuma ya malori kuanzia Athi River hadi Mariakani, na kokoto hazichagui. Anayekwenda Loiyangalani au Katavi ndiyo kabisa. Ila kama pikipiki yako inashinda lami safi na kulala gereji, akriliki itakupa miaka mingi ya kuona vizuri kwa pesa pungufu.

Nimeonyeshwa kioo kisicho na jina dukani. Nitajuaje kama ni kizuri?

Kariakoo na Kirinyaga Road vyote viwili vipo, vizuri na vya hovyo, na mara nyingine kwenye rafu moja. Kwanza kishike kwa urefu wa mkono, tazama kupitia kioo hicho kitu kilichonyooka, nguzo ya umeme au fremu ya mlango, kisha kisogeze taratibu juu na chini. Nguzo ikicheza kama ngoma, rudisha. Hata kama utakuwa unaangalia juu yake, pembe za chini bado zitakuwa machoni unapokata kona.

Pili, unene. Milimita 3 ni sawa kwa kifupi. Kirefu kisichofikia 4 kitapepea kwenye upepo. Tatu, pitisha kidole ukingoni: kiwanda makini hukilainisha, hakikuachii meno. Ukingo wenye meno ndipo nyufa huanzia. Nne, tafuta maandishi madogo kwenye kona. Vioo vilivyotengenezwa kwa ajili ya Marekani huwa na alama ya AS6, ambayo ni daraja la kioo cha pikipiki katika kanuni zao. Vya Ujerumani huja na namba ya KBA, mamlaka yao ya magari. Alama inaweza kughushiwa, kweli, lakini anayeghushi huwa hajali matundu, na matundu yasiyolingana na pikipiki yako utayaona mwenyewe.

Cheusi kinapendeza. Nichukue?

Kama ni kifupi na macho yako yanapita juu yake, chukua roho inachopenda, ni nguo tu. Kama ni kirefu, hapana. Giza la saa moja jioni linaingia ghafla huku kwetu, na mbuzi weusi hawavai taa.

Naishi Pwani. Kioo kirefu hakitanipika?

Kitakupika. Hili ndilo jambo ambalo vitabu vya bidhaa vya Ulaya haviligusi, kwa sababu vinaandikwa na watu wanaopigana na baridi. Kwao kioo kikubwa ni blanketi. Mwezi wa pili, saa nane mchana kati ya Bagamoyo na Msata, blanketi ni adhabu. Ukiwa nyuma ya kioo kinachofunika kila kitu, joto la injini linapanda, jasho halikauki, na jaketi lenye matundu ulilolinunua kwa pesa nyingi halipati upepo wa kupitisha.

Tatizo ni kwamba safari zetu hazina hali ya hewa moja. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Unaondoka usawa wa bahari unatokwa jasho, unapanda Kitonga, na kama ni mwezi wa sita, ukifika Mafinga unatamani kuvaa godoro. Siku hiyo hiyo moja. Nairobi hadi Mombasa ni hivyo hivyo kwa kugeuza.

Nimeishia kwenye kioo cha urefu wa kati, chembamba kiunoni, chenye nafasi ya hewa chini. Kifua kinapata upepo wa kutosha, kichwa kimetulia. Baridi naishughulikia kwa nguo, maana nguo unaweza kuivua Makambako ukaiweka begini na kioo huwezi. Anayeishi Njombe, Eldoret au Kabale asinisikilize hapa. Yeye achukue kipana cha kufunika hadi mikono, na vikinga mikono juu yake.

Kuna jambo lingine la jua ambalo huwashangaza watu. Kioo kilichopinda kinaweza kukusanya miale, na mahali inapokutania ni dashibodi. Ukiona alama ya kuungua kwenye plastiki ya saa zako, si fundi, ni jua. Egesha pikipiki ikiangalia upande mwingine, au tupia kitambaa juu ya saa.

Mke wangu anakaa nyuma na analalamika tangu nibadilishe kioo. Ni kweli au anatafuta sababu?

Ni kweli, na muombe radhi. Abiria amekaa juu yako kwa sentimita 10 au zaidi na nyuma yako kidogo. Visulisuli ulivyovikwepa wewe vinashukia kwake. Kioo kirefu kinachokupa wewe utulivu mara nyingi kinamwagia yeye kila kitu, kikiwemo kichwa chake kugonga helmeti yako kila mnapopishana na basi. Ukiwa unasafiri na mtu, majaribio yote niliyoeleza juu yafanye naye akiwa amekaa, na yeye ndiye awe na kauli ya mwisho. Kioo kipana kuliko kirefu humsaidia zaidi, kwa kuwa kinamkinga upepo wa pembeni unaopita mabegani mwako. Boksi la nyuma lenye mgongo wa kuegemea linamsaidia kuliko kioo chochote.

Kioo kikubwa kitaifanya pikipiki iyumbe?

Inategemea kimefungwa wapi. Kilichofungwa kwenye bodi au fremu hakigusi usukani, kwa hiyo upepo wa pembeni unaisukuma pikipiki nzima na wewe unaielemea kidogo, basi. Kilichofungwa kwenye usukani, kama vile vya pikipiki nyingi za mtindo wa Marekani, kinaugeuza usukani kuwa tanga. Upepo ukikipiga upande, unageuza gurudumu la mbele moja kwa moja. Changanya na boksi kubwa la nyuma lililosheheni, na kwa mwendo mkali pikipiki inaanza kutikisa kiuno taratibu, kulia kushoto, kulia kushoto. Ikitokea, usikamate usukani kwa nguvu wala usibinye breki ya mbele. Punguza mafuta polepole, legeza mikono. Kisha ukifika, hamishia mizigo mbele na chini, angalia upepo wa matairi, na fikiria kioo kidogo zaidi.

Upepo wetu si wa kuchezea. Waliosimamisha mitambo 365 ya umeme wa upepo karibu na Loiyangalani hawakupachagua kwa kubahatisha. Kuna waendeshaji wanaovua vioo vyao Marsabit na kuvifunga kwenye mzigo hadi warudi. Singida na Makambako nako wenyeji watakuambia. Na huhitaji kwenda mbali: lori refu linalokuja mbele yako linakupiga kofi la hewa, halafu linakuvuta, yote ndani ya sekunde moja. Kioo kikubwa kinalikuza hilo kofi.

Vile vipande vya kuongeza juu vinatosha?

Kwa wengi, ndiyo, na ningependa mtu angeniambia mapema. Ni kipande kidogo kinachobanwa au kufungwa kwenye ukingo wa kioo cha zamani, na unaweza kukilaza au kukisimamisha. MRA wa Ujerumani, Givi wa Italia na Puig wanavitengeneza. Kwa kuwa hewa inapita kati yake na kioo kikuu, kinafanya kazi ile ile ya kulisha pengo. Kinagharimu sehemu ndogo ya bei ya kioo kizima na unaweza kukihamishia kwenye pikipiki nyingine. Ubaya wake: kinaleta ukingo wa ziada machoni, wengine hawauzoei kabisa, na kwenye rasta za Mtito Andei vibano vilivyolegea vinapiga kelele kama njuga. Kaza kila asubuhi.

Fundi anasema matundu hayalingani, atatoboa mengine. Nimruhusu?

Hapa ndipo kosa langu la pili lilipozaliwa. Kioo kilikuwa cha pikipiki nyingine, bei nzuri, "kinaingia tu", nikaambiwa. Fundi akatoboa kwa keekee ya chuma, akatia gundi ya kukazia bolti ili skrubu zisilegee, akakaza kwa nguvu zote za kijana aliyekula vizuri. Nililipa, nikashukuru. Asubuhi ya tatu nikakuta nyufa nyembamba zimetoka kwenye kila tundu kama miguu ya buibui. Makosa matatu kwa mpigo, na hakuna hata moja alilofanya kwa ubaya.

Keekee ya kawaida inang'ata plastiki na kuacha ufa usioonekana. Ile gundi ya kukazia bolti ni sumu ya plastiki hizi, akriliki na polikaboneti kwa pamoja, inazipasua kimyakimya. Na kukaza: skrubu za kioo hazishiki kioo kwa nguvu, zinakizuia tu kisiondoke. Kati ya skrubu na plastiki pawe na washa ya mpira au nailoni, na nyuma pale penye nati za mpira zenye shaba ndani, hakikisha mpira haujakauka. Kaza kwa vidole vilivyoshika spana fupi ya L hadi mpira uanze kutuna, acha.

Tundu nalo liwe kubwa kidogo kuliko skrubu. Plastiki hii inatanuka kwa joto. Kioo cha sentimita 60 kilichotoka kwenye baridi ya alfajiri ya nyuzi 15 kikaja kuegeshwa juani hadi nyuzi 55, kinaongezeka zaidi ya milimita moja na nusu. Kikikosa pa kwenda, kinapasukia kwenye tundu. Anza kukaza skrubu ya katikati, kisha za pembeni kwa zamu.

Kama ni lazima kutoboa, bandika selotepu pande zote mbili, weka ubao nyuma, tumia keekee ya ngazi, zungusha taratibu, kisha lainisha mdomo wa tundu kwa msasa laini. Au nunua kioo cha pikipiki yako.

Ukishafunga, kabla hujawasha injini, geuza usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto. Waya wa klachi, bomba la breki, vikinga mikono, hata dole gumba lako: hakuna kinachopaswa kugusa kioo.

Wadudu wamekauka juu ya kioo. Nisugue na nini?

Na subira. Ukipita Mikumi magharibi inapoingia, kioo kinapakwa rangi. Lowesha kitambaa cha pamba, au fulana kuukuu, kilaze juu ya kioo kikiwa chapachapa, nenda kanywe supu. Baada ya robo saa kila kitu kinateleza kwa maji na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo. Mwagia maji kwanza kila mara, kwa maana vumbi kavu ni msasa.

Kwenye vituo vya mafuta kijana mwema atakuja na kitambaa chenye petroli au mafuta ya taa. Mzuie kwa heshima lakini mzuie. Petroli inaifanya plastiki iwe na ukungu na nyufa za nywele. Dawa za vioo vya nyumba zenye amonia, mafuta ya breki, spiriti kali, brashi ngumu na karatasi za chooni, vyote mbali. Dawa ya kufukuza maji ya kioo cha gari nayo isome chupa: Rain-X wana ya vioo vya kweli na wana nyingine ya plastiki, usichanganye.

Mikwaruzo midogo inang'arishika kwa dawa ya plastiki na kitambaa laini kama kioo ni akriliki tupu. Chenye tabaka gumu usikiguse, hata kwa dawa ya meno ambayo kila mtu anaisifia. Utalitoboa tabaka na kubaki na doa kubwa kuliko mkwaruzo.

Nikiagiza nje, nizingatie nini?

Mwaka na namba kamili ya modeli, kwa sababu matundu hubadilika pikipiki ileile ikipewa sura mpya. Kisha sanduku. Kioo ni kikubwa na chepesi, kwa hiyo kampuni za usafirishaji hutoza kwa ukubwa wa sanduku, si kwa uzito, na gharama ya usafiri inaweza kukaribia bei ya kioo chenyewe. Juu yake weka ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 18 Tanzania au 16 Kenya. Wanaosafiri hukibeba kama mzigo wa ndege kati ya nguo. Kama mko watatu wenye pikipiki za aina moja, agizeni pamoja.

Kioo kipya kitamaliza kelele?

Hakitamaliza. Kwa mwendo wa barabara kuu, kelele ndani ya helmeti hufika desibeli 100 na kuendelea, kiwango kinachoumiza masikio ndani ya muda mfupi. Kioo kizuri kinaondoa ule mngurumo wa kutikisa, mluzi unabaki. Viziba masikio vya sifongo vinauzwa famasi kwa bei ya soda. Vaa kila safari, hata kama kioo chako ni cha milioni.

Cha zamani nikitupe?

Usikitupe. Kwanza ndicho kiolezo cha matundu siku utakapotaka kuchonga kingine. Pili, mnunuzi wa pikipiki yako anaweza kukiulizia. Na tatu, kuna miezi ya joto ambapo utakitaka mwenyewe: changu cha kiwandani kimefungwa ndani ya khanga kuukuu juu ya kabati, na kila Desemba skrubu nne zinatoka, kile cha kati kinapanda kabatini, chenyewe kinashuka. Dakika kumi, kama skrubu hazijapotelea chini ya friji.